Ini la mdogo wangu lina vinundu 11. Tuuze kiwanja twende India?

SWALI

Washauri, habari za kazi.

Mdogo wangu wa kike ana miaka 38, ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto wawili. Alianza na maumivu chini ya mbavu za kulia, hasa akilalia upande huo, na uzito ukashuka kutoka kilo 64 hadi 58. Utrasaundi ikaonyesha ini limejaa vinundu. Tukaambiwa ni saratani iliyosambaa kutoka kwingine. Wakaitafuta ilikotoka: matiti, tumbo kwa kamera, utumbo mpana, mlango wa kizazi. Hawakuona kitu. Homa ya ini B na C hana, pombe hajawahi kuonja, kipimo cha AFP (kile cha damu cha saratani ya ini) ni 4.

Ndipo wakachukua kinyama kwa sindano. Majibu yalichukua wiki tano: "hemanjioendotelioma epithelioidi, CD31, CD34 na ERG chanya." CT skani imehesabu vinundu 11 pande zote mbili za ini, kikubwa sentimita 5.2, na viwili vidogo mapafuni vya milimita 6. Macho yake ni meupe, anakula, anafundisha.

Daktari mmoja hapa alisema ini likishajaa vinundu namna hiyo hakuna habari ya kupandikiza. Wakala wa hospitali moja ya India anasema lipandikizwe, twende ndani ya wiki tatu na mtoaji. Kitindamimba wetu wa miaka 29 amejitolea. Yeye ni kundi O, mgonjwa ni A. Ana kilo 94 kwa urefu wa sentimita 170, na bia mwisho wa wiki hazimpiti. Mjomba naye anasema tuliharibu tulipokubali sindano, kwamba saratani ikichomwa inatawanyika. Mnunuzi wa kiwanja yupo, anataka jibu.

Tumsikilize nani?
Dada Mkubwa, Morogoro

JIBU

Dada Mkubwa, pole kwa kuuguza. Tuanze na kiwanja: kisiuzwe mwezi huu. Upandikizaji unaweza kuwa tiba sahihi kabisa kwa mdogo wako, lakini si ndani ya wiki tatu, na tutakuonyesha kwa nini hizo wiki tatu zinaweza kumgharimu.

Daktari aliyesema "hakuna habari ya kupandikiza" alikuwa anasoma kanuni ya ugonjwa mwingine. Saratani ya ini tunayoiona zaidi kwetu ni ile ya seli za ini zenyewe, inayoletwa na homa ya ini B, pombe au sumukuvu ya mahindi na karanga. Hiyo ina vigezo vya Milan vya mwaka 1996: kinundu kimoja kisichozidi sentimita 5, au visivyozidi vitatu, kila kimoja sentimita 3 au chini. Ukiwa na 11, umetoka nje ya mstari. Ugonjwa wa mdogo wako, ambao ripoti nyingi huufupisha EHE, hautoki kwenye seli za ini. Unatoka kwenye seli zinazotandika ukuta wa ndani wa mishipa ya damu. Ni nadra mno, hufika chini ya mtu mmoja kwa kila watu milioni moja kwa mwaka, huwapata wanawake zaidi kidogo kuliko wanaume, na umri wa kawaida ni miaka ya arobaini hivi. Vinundu vingi pande zote za ini ndiyo sura yake ya kawaida. Kwa sababu hiyo kukata kipande cha ini mara nyingi hakuwezekani, na kubadilisha ini zima kukawa ndiyo njia.

Matokeo yake si ya kubahatisha. Daftari la Ulaya la upandikizaji wa ini lilipochambua wagonjwa 59 wa ugonjwa huu mwaka 2007, 83 kati ya kila 100 walikuwa hai baada ya miaka 5, na 72 baada ya miaka 10. Baadhi yao walikuwa na ugonjwa nje ya ini tangu mwanzo, na hilo peke yake halikuwanyima matokeo mazuri. Kwa hiyo vile vinundu viwili vya mapafuni havifungi mlango. Vinadai tu kuangaliwa tena, na tutarudi hapo.

Sasa, kabla ya India, kabla ya mtoaji, kabla ya shilingi kutoka: kinyama kisomwe mara ya pili. Hapa ndipo familia nyingi hupita mbio, na hapa ndipo kosa lake halirekebishiki. Ugonjwa huu una ndugu mkali anayeitwa anjiosakoma, naye pia hutoka kwenye seli za mishipa ya damu. Rangi za CD31, CD34 na ERG zilizotajwa kwenye ripoti yenu zinathibitisha jambo moja tu, kwamba seli ni za mshipa wa damu. Haziwatenganishi ndugu hawa wawili. Katika daftari hilohilo la Ulaya, wagonjwa 22 wa anjiosakoma waliowahi kupandikizwa ini walifuatiliwa, na hakuna aliyevuka miezi 23. Kwa hiyo anjiosakoma haipandikizwi. Ukimpandikiza mtu kwa jina lililokosewa, umemkata yeye, umemkata na mtoaji, bure.

Kinachowatenganisha ni macho ya mtaalamu wa patholojia aliyezoea uvimbe wa aina hii, pamoja na rangi ya CAMTA1. Chini ya darubini, seli za EHE hukaa mojamoja au kwa mistari mifupi ndani ya ute mgumu wa rangi ya waridi, na baadhi huwa na tundu katikati, kama shanga. Ukiangalia vizuri, ndani ya tundu pengine utakuta chembe nyekundu moja ya damu imekaa. Ni mshipa wa damu uliojaribu kujijenga ndani ya seli moja. Rangi ya CAMTA1 ikiwaka kwenye kiini cha seli hizo, jina limethibitika, maana wagonjwa karibu wote wa EHE wana jeni mbili zilizoungana, WWTR1 na CAMTA1. Wachache wana muungano wa YAP1 na TFE3, na hao huhitaji kipimo kingine.

Namna ya kufanya: nenda maabara iliyosoma kinyama, uliza bloku ya nta. Ni kipande kidogo cha nta chenye kinyama ndani, na maabara hukitunza. Kuna mambo mawili ya kuomba: slaidi iliyokwisha kupakwa rangi, na slaidi 10 hadi 15 zisizopakwa rangi zilizokatwa kutoka bloku hiyo. Maabara nyingi za nje hukubali hizo bila bloku yenyewe, na ni salama zaidi, kwa sababu bloku ikipotea kwenye kifurushi hakuna nyingine isipokuwa kumchoma upya. Wakilazimisha bloku, saini, piga picha namba yake, ibebwe mkononi kwenye begi la ndani ya ndege. Isiachwe ndani ya gari juani. Nta hulainika, na kinyama kilichopikwa na joto hakisomeki.

Mjomba asikemewe sana, ana punje ya ukweli iliyotoka shamba jingine. Kuna saratani ya njia ya nyongo inayoota pale mirija inapotoka kwenye ini. Kwa saratani hiyo, Kliniki ya Mayo ya Marekani ilianzisha mwaka 1993 utaratibu wa kupandikiza: uvimbe usiozidi sentimita 3, usioweza kukatwa, mionzi kwanza, dawa za saratani, kisha tumbo kukaguliwa kabla ya ini jipya. Katika utaratibu huo, mgonjwa aliyekwisha kuchomwa sindano kupitia tumbo kwenye uvimbe wenyewe huondolewa, kwa kuwa seli zinaweza kubaki njiani sindano ilikopita. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, sindano moja ya haraka hufunga mlango. Kwa EHE hali ni kinyume: AFP iko sawa, picha hufanana na saratani iliyosambaa, na bila kinyama mngekuwa bado mnatafuta saratani ya utumbo isiyokuwepo. Sindano yenu ilikuwa sahihi.

Tukija kwenye muda. Mwaka 2017 daftari la Ulaya lilichambua wagonjwa 149 wa EHE waliopandikizwa, likatoa alama za kutabiri nani ugonjwa utamrudia. Uvimbe ukiwa umeingia kwenye mishipa mikubwa ya ini, pointi 5. Mgonjwa akipandikizwa ndani ya siku 120 tangu aandikishwe kusubiri, pointi 3. Tezi za limfu kwenye lango la ini zikiwa na ugonjwa, pointi 2. Wenye pointi 0 hadi 2, karibu 94 kati ya 100 walifika miaka 5 bila ugonjwa kurudi. Wenye 3 hadi 5, karibu 77. Kuanzia 6, wanashuka hadi karibu 39.

Soma pointi ya katikati tena. Mdogo wako akiwa hana uvimbe ndani ya mishipa wala kwenye tezi, akisubiri zaidi ya siku 120 yuko kwenye 0. Akipelekwa mbio, anaanza na 3 na kuingia kundi la pili. Kusubiri kwenyewe hakutibu kitu. Kunamwonyesha daktari tabia ya uvimbe. EHE ya kawaida hukaa miezi, pengine miaka, bila kusogea sana. Ile yenye hasira hujionyesha ndani ya miezi mitatu au minne: vinundu vipya mapafuni, mfupa unaouma, mshipa mkubwa uliozibwa. Ni afadhali ijionyeshe mgonjwa akiwa bado na ini lake kuliko wiki ya sita baada ya upasuaji, akiwa anameza dawa za kushusha kinga.

Kwa hiyo panga hivi. Sasa hivi afanyiwe MRI ya ini yenye dawa ya mshipani, na CT ya kifua, tumbo na nyonga. Akiwa na maumivu ya mfupa wowote, nao upigwe picha. Mwambieni mtaalamu wa picha aandike waziwazi mambo mawili ambayo ripoti nyingi huyaruka: kama mshipa mkuu wa kuingiza damu kwenye ini na ile mitatu ya kutoa iko wazi, na tezi za lango la ini zina ukubwa gani. Baada ya miezi mitatu hadi minne picha zirudiwe, ikiwezekana kwenye mashine ileile, kwa vipande vya unene uleule, maana kinundu cha milimita 6 mashine moja kinaweza kusomeka 8 kwenye nyingine bila kukua hata nukta. CD za picha mzitunze zote. Karatasi ya ripoti peke yake haimsaidii daktari wa upasuaji.

Kipindi hicho hicho kinamfaa kitindamimba. Kundi O linaweza kumpa A, hilo limekaa sawa. Tatizo ni kilo. Kwa 94 na urefu wa sentimita 170, BMI yake, yaani uwiano wa uzito na urefu, ni 32.5. Vituo vingi havitaki mtoaji mwenye zaidi ya 30, kwani uzito huo huja na mafuta kwenye ini, na mafuta yakizidi karibu asilimia 30 ini hukataliwa: kipande kinachobaki kwake na kile kinachokwenda kwa dada yake vyote hukua kwa shida. Afike kilo 86. Ni karibu nusu kilo kwa wiki kwa wiki 17, yaani karibu hizo siku 120. Bia ziachwe kabisa, soda nazo, chipsi mayai zipumzike. Mafuta ya ini huyeyuka haraka kuliko kitambi, hivyo asikate tamaa kioo kikichelewa kumsifu.

Kuhusu kiasi cha ini: mpokeaji anahitaji kipande chenye uzito wa angalau asilimia 0.8 ya mwili wake. Kwa kilo 58 ni gramu 464. Mtoaji naye abaki na angalau asilimia 30 hadi 35 ya ini lake. Wakala atawatajia upande wa kulia, kwa kuwa ndio unaotolewa zaidi kwa watu wazima. Lakini mdogo wako ni mwembamba na ini lake halina makovu ya sirosisi, na kwa mwanaume wa umbo la kaka yenu upande wa kushoto unaweza kufikia gramu hizo. Ulizeni swali hilo baada ya CT ya kupima ujazo, kwa sababu hatari kwa mtoaji si sawa. Kifo kwa anayetoa upande wa kulia hukadiriwa kati ya mmoja kwa 200 na mmoja kwa 500. Kwa kushoto ni karibu mmoja kwa 1,000. Matatizo madogo ni mengi zaidi: nyongo kuvuja, kidonda kuingia wadudu, henia. Akae hospitali wiki moja hadi siku 10, asinyanyue kitu kizito miezi mitatu. Ini lake litakuwa limerudi karibu na ukubwa wake ndani ya kipindi hicho.

Na apewe nafasi ya kumwona daktari peke yake, bila wewe, bila mama, bila mjomba. Akisema hapana mle ndani, kituo kizuri kitawaambia tu kwamba "vipimo havikufaa". Kitindamimba kwenye familia ya wakubwa huwa hana sauti, nawe unalijua hilo kuliko sisi.

Kuna swali la upasuaji ambalo mawakala hawalijui, liulizwe kwa daktari mwenyewe kwa maandishi: kuna kinundu kinachogusa mshipa mkuu wa nyuma ya ini? Kwa mtoaji aliye hai, mgonjwa hubaki na mshipa wake mwenyewe na ini jipya hushonewa hapo. Kinundu kikiwa kimeung'ang'ania, wanaweza kuacha ugonjwa ukutani. Jibu la "tutaona tukifungua" halitoshi.

Makaratasi yaanze sasa, yanachelewesha kuliko damu. Sheria ya India ya mwaka 1994 inatambua ndugu wa karibu: mume au mke, mzazi, mtoto, kaka, dada, na baada ya marekebisho, babu, bibi na wajukuu. Kwa wageni, ubalozi wa nchi yao lazima uthibitishe undugu kwa fomu namba 21, kisha kamati ya idhini iwahoji. Linalokwamisha Watanzania ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamedi, NIDA inasema Mohamed, pasipoti ina jina la babu. Linganisheni vyeti vya wote wawili na majina ya wazazi herufi kwa herufi, na penye tofauti nendeni RITA au kwa wakili wa kiapo kabla hamjaomba viza.

Fedha: bei za India kwa upandikizaji wa mtoaji aliye hai mara nyingi hutajwa kati ya dola 25,000 na 40,000. Ulizeni kama ndani yake mna vipimo vya mtoaji, siku za ziada za ICU, na kurudishwa chumba cha upasuaji nyongo ikivuja. Hapo ndipo bili hupaa. Wekeni kando malazi ya mgonjwa miezi miwili hadi mitatu, na ya mtoaji mwezi mmoja hivi. Halafu kuna takrolimasi, dawa ya kushusha kinga ili mwili usilikatae ini, kila saa 12, maisha yote, pamoja na kipimo cha damu cha kiwango chake. Kabla ya kuondoka tafuteni ni maabara gani hapa nyumbani inapima kiwango hicho na majibu hutoka baada ya siku ngapi. Dawa hii haina urafiki: rifampisini ya TB huishusha hadi mwili ukalikataa ini, flukonazoli na klarithromaisini huipandisha hadi figo zikaumia, na balungi nalo hivyo hivyo. Kwa ajili hiyo TB ipimwe kwa mgonjwa sasa, si baadaye. Mtoaji apimwe pia kingamwili ya homa ya ini B iliyopita, na kichocho kama amekulia kando ya ziwa.

Ugonjwa huu hurudi kwa karibu mmoja kati ya wanne, pengine baada ya miaka. Kwa hiyo picha ni kila miezi sita miaka ya mwanzo. Vituo kadhaa hubadilisha dawa ya kinga kwenda sirolimasi, ambayo pia huupunguza kasi uvimbe wenyewe, lakini si kabla ya mwezi mmoja tangu upasuaji: huchelewesha kidonda kupona na huweza kuchangia kuganda kwa damu kwenye ateri ya ini. Dawa hiyohiyo hutumika kama picha za mwezi wa nne zitaonyesha ugonjwa umesonga mbele kwa kasi na upandikizaji umeahirishwa.

Mambo yatakayovunja mpango huu wa kusubiri ni haya: macho kuwa manjano, tumbo kujaa maji, kutapika damu au choo cheusi kama lami, kusinziasinzia na kuchanganyikiwa. Likitokea lolote kati ya hayo, hesabu ya siku 120 imekufa. Mpelekeni hospitali ya rufaa siku hiyohiyo, na siku hiyohiyo mtumieni daktari wa India picha zote. Mpigieni na yule mnunuzi wa kiwanja.